Ghuba ya Ungwana na Setilaiti za Vyuo Vikuu

Jahazi likitoka Lamu kwenda Malindi, likishauacha mlango wa Shela, huambaa na pwani hadi Ras Tenewi, likapita mbele ya Kipini ambako mto Tana humwaga maji yake ya tope baharini, kisha likaikata Ghuba ya Ungwana. Ng'ambo ya ghuba ni Ras Ngomeni. Hapo, kiasi cha kilomita 5 kutoka ufukweni, yamesimama majukwaa ya chuma juu ya nguzo zilizokitwa sakafuni mwa bahari. Watu wa Ngomeni hupaita mahali hapo San Marco.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 zenye setilaiti ziliondoka kwenye majukwaa hayo, na zote 9 zilifikisha mizigo yake angani. Kutoka mji wa Lamu hadi hapo ni kama kilomita 110 kwa mstari ulionyooka. Ukipiga hesabu ya mviringo wa dunia utaona kwamba chochote kilichopanda zaidi ya kilomita 1 juu ya Ngomeni kimeshavuka upeo wa macho wa mtu aliyesimama kwenye ufuo wa Shela. Kwa hiyo, siku ya anga safi, sehemu kubwa ya dakika za mwanzo za safari hizo ingeweza kutazamwa kutoka Lamu kwa macho matupu.

Historia ya setilaiti ndogo za vyuo vikuu husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa Uingereza mwaka 1981 au California mwaka 1999. Miaka hiyo ni ya kweli na nitaifikia. Lakini sura mojawapo ya kwanza ya historia hiyo iliandikwa katika maji yetu, na mwenye kuianzia Uingereza anaacha nje miaka ambayo maprofesa na wanafunzi wa Roma walikuwa wakikaa Ngomeni wakisubiri upepo utulie.

Tuanze na jambo lililowaleta. Tarehe 31 Januari 1958 Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1. Ndani yake mlikuwa na kipimo cha mionzi kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Iowa, katika maabara ya Profesa James Van Allen. Kipimo hicho kilisaidia kugundua kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu nyingi, zilizonaswa na usumaku wake. Van Allen na wanafunzi wake hawakuridhika na kuomba nafasi ndani ya vyombo vya wengine. Waliunda chombo chao wenyewe pale chuoni, wakakiita Injun 1, na tarehe 29 Juni 1961 kikarushwa kutoka Florida pamoja na setilaiti nyingine mbili. Mojawapo ya hizo haikuachana nacho angani, zikabaki zimeshikana. Hata hivyo Injun 1 ilituma vipimo. Chuo cha Iowa kinaihesabu kuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa yote ndani ya chuo kikuu.

Mikanda ile ya Van Allen ina pahala inapoinama na kuja karibu na dunia, juu ya kusini mwa bahari ya Atlantiki. Setilaiti ikipita hapo, vipimo vyake hujaa kelele za chembe, na mtafiti hapati kitu cha maana. Njia nzuri ya kuikwepa kelele hiyo ni kuzunguka dunia chini chini, juu ya mstari wa ikweta, bila kupanda sana kaskazini wala kushuka sana kusini. Na ili ufike kwenye mzingo wa namna hiyo bila kupoteza fueli nyingi, inafaa uondokee kwenye ikweta yenyewe. Hapo pia dunia inakusaidia: mzunguko wake kwenye ikweta huipa roketi inayoelekea mashariki mwendo wa karibu mita 465 kwa sekunde kabla haijawasha moto. Kinachobaki ni kupata pwani ya ikweta iliyotazama mashariki, yenye bahari tupu mbele yake, ili vipande vya roketi viangukie majini wala si juu ya watu. Ukitafuta kwenye ramani, mahali penye sifa zote hizo si pengi. Ngomeni iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi.

Aliyeliona hilo na kulifanyia kazi ni Luigi Broglio, Mtaliano aliyezaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alikuwa afisa wa jeshi la anga na profesa aliyeongoza shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma, La Sapienza. Pamoja na mwanafizikia Edoardo Amaldi aliishawishi serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani kwamba Italia inaweza kuwa na mradi wake wa anga. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilitia saini makubaliano. NASA ingetoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha Waitaliano kuzirusha. Waitaliano wangeunda setilaiti na kujenga mahali pa kurushia. Mradi ukaitwa San Marco, kwa jina la mtakatifu anayeheshimiwa Venice.

Scout ilikuwa roketi nyembamba yenye urefu wa takriban mita 22, hatua nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, zote zikitumia fueli kavu. Haikuweza kubeba mzigo mkubwa. Ndiyo sababu kila kilichoondoka Ngomeni kilikuwa kidogo: kilo mia na kitu, mara chache zaidi au pungufu. Udogo huo ndio uliovipa vyuo vikuu nafasi. Chombo cha kilo 129 kinaweza kubuniwa, kuungwa na kupimwa na kundi la wahandisi wanaofahamiana kwa majina, chini ya paa moja.

Pwani yenyewe ilikuwa katika mabadiliko makubwa wakati huo. Mwaka 1962 ukanda wa maili 10 wa Mwambao, pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa bado kwa sheria ni milki ya Sultani wa Zanzibar iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Watu wa Lamu, Malindi na Mombasa walikuwa wakibishana kwa uchungu: Mwambao ujitawale, urudi kwa Sultani, au uungane na Kenya? Oktoba 1963 Kenya na Zanzibar zilikubaliana ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapandishwa. Miezi michache baadaye, Machi 1964, roketi ndogo ya majaribio aina ya Nike-Apache iliruka kutoka kwenye jukwaa la kwanza, Santa Rita, katika Ghuba ya Ungwana. Wenyeji hawakuwa wamemaliza hata kuzoea serikali mpya.

Santa Rita ni jukwaa la pembetatu lililokuwa la kuchimbia mafuta baharini. Lilitoka kwenye kampuni ya mafuta ya serikali ya Italia, ENI, likavutwa kwa meli safari yote ile hadi Kenya. Jukwaa la pili, San Marco lenyewe, lilikuwa chelezo cha jeshi la Marekani kilichokarabatiwa Italia. Hilo ndilo lilibeba banda la kuungia roketi na mnara wa kuirushia. Kutoka Santa Rita waongozaji walitoa amri kupitia nyaya zilizolazwa chini ya maji. Wazo la kurushia setilaiti kutoka baharini lilikuwa geni duniani. Lilikuwa pia la busara, kwa kuwa pale hapakuwa na haja ya kuhamisha kijiji wala kufyeka msitu.

Wakati majukwaa yakisimikwa, kaskazini mwa Lamu watu walikuwa wakihama makwao. Vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, vilivifanya vijiji vingi vya Wabajuni upande wa bara vibaki magofu. Watu waliacha mashamba, visima na misikiti yao wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Mapatano ya Arusha ya kuvimaliza vita hivyo yalifikiwa Oktoba 1967. Sisemi haya ili kuulaumu mradi wa Waitaliano, ambao haukuhusika. Nayasema kwa sababu mtu akiuliza mbona watu wa pwani hii hawakuwamo katika sayansi iliyofanyika karibu nao, jibu mojawapo ni kwamba wengi wao walikuwa wakitafuta pa kulala.

Setilaiti ya kwanza ya mradi, San Marco 1, haikutoka Kenya. Ilirushwa na Waitaliano wenyewe kutoka Wallops Island, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964, ili kuhakikisha kwamba wameshajua kazi. Zamu ya Ngomeni ilifika tarehe 26 Aprili 1967, mwanzo wa kusi. San Marco 2 iliondoka kwenye jukwaa ikaingia katika mzingo wa ikweta. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini popote duniani.

Chombo hicho kilikuwa tufe la kipenyo cha sentimita 66, na ndani yake mlikuwa na kifaa ambacho Broglio alikibuni mwenyewe. Inafaa tukielewe, maana ndicho kiini cha mradi wote. Tatizo lilikuwa hili: juu ya kilomita 200 bado kuna hewa, nyembamba mno, lakini inatosha kuipunguzia setilaiti mwendo kidogo kidogo hadi ianguke. Miaka ile hakuna aliyejua vizuri hewa hiyo ni nzito kiasi gani, wala inabadilika vipi kati ya mchana na usiku, au jua linapochafuka. Wataalamu walikisia kwa kutazama jinsi setilaiti zinavyoshuka baada ya wiki nyingi. Broglio alitaka kuipima hewa papo hapo.

Aliligawa tufe lake sehemu mbili, mfano wa nazi iliyo ndani ya makumbi. Nje palikuwa na ganda jepesi. Ndani palikuwa na kiini kizito kilichobeba vyombo na betri. Ganda na kiini viliunganishwa kwa mikono ya chuma inayonesa. Hewa ilipolipiga ganda, ganda lilirudi nyuma kuliko kiini, kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu ni jepesi na ndilo lililokabili upepo. Mikono ikapima kule kurudi nyuma, kwa pande tatu, na redio ikatuma kipimo ardhini. Kutokana na kipimo hicho unapata nguvu ya hewa, na kutokana na nguvu unapata uzito wake. Kifaa kama hicho kingeweza kubuniwa na mtu mmoja mwenye karatasi, kisha kikajengwa na mafundi wa chuo. Ndivyo ilivyokuwa. San Marco 2 ilipima hewa ya juu ya ikweta hadi Oktoba 1967, ilipoungua ikirudi angahewani, baada ya kuvutwa na hewa ileile iliyokuwa ikiipima.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sifa ya setilaiti ya chuo kikuu inapofanywa vizuri. Swali lake ni moja na liko wazi. Mtu aliyelibuni swali ndiye anayekaza skrubu, na ndiye anayesimama kwenye jua la Ngomeni akisubiri hesabu ya kurudi nyuma ifike sifuri.

Baada ya 1967 Wamarekani nao waliona faida ya Ghuba ya Ungwana. Kwa miaka kadhaa Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alikuwa akiwinda miale ya eksirei inayotoka angani. Miale hiyo humezwa na angahewa kabla haijafika ardhini, kwa hiyo yeye na wenzake walirusha roketi ndogo zilizopanda, zikachungulia kwa dakika chache, zikaanguka. Kwa njia hiyo, mwaka 1962 waligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Lakini dakika chache hazitoshi kuchora ramani ya mbingu. Walihitaji setilaiti ndogo, nyepesi kwa Scout, itakayozunguka ikweta mbali na kelele za mikanda ya Van Allen. Yaani walihitaji Ngomeni.

Chombo chao kilipewa jina rasmi la SAS-1. Meneja wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti katika shirika hilo. Siku ya kurusha ikaangukia tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili tangu Kenya ijitawale. Kaskazi ilikuwa imeanza. Saa 8 kasoro dakika chache mchana, roketi iliondoka. Townsend akaipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha, na jina hilo ndilo linaloandikwa hadi leo katika vitabu vya astronomia vya kila lugha.

Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kwa kila dakika 12, ikiifagia mbingu kwa vipokezi viwili vilivyotazama pande mbili. Katika siku yake ya kwanza kazini iliweza kukusanya muda mwingi wa kutazama kuliko roketi zote zilizoitangulia zikiwekwa pamoja. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipatikana kikiwakawaka kila sekunde 4.8, ikajulikana kuwa ni nyota ya nyutroni inayozungukana na nyota nyingine na kuinyonya gesi yake. Kingine, Cygnus X-1, kilibadilika kwa kasi isiyo na utaratibu. Wataalamu wa Greenwich, na Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto, walipoelekeza darubini zao hapo wakaona nyota kubwa ya buluu inayovutwa na kitu kizito kisichoonekana. Hivyo ndivyo wanadamu walivyopata ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba shimo jeusi ni kitu kilichopo kweli. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na kazi ya chombo kilichoondokea Ngomeni ilikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Nimewahi kuwasikia vijana wa pwani wakisema kwamba mambo ya anga ni ya nchi za mbali. Natamani kila shule ya sekondari ya Lamu na Kilifi ifundishe kisa cha Uhuru mapema, tena kwa hesabu zake zote, kabla fikra hiyo haijaota mizizi.

Zilizofuata nazipitia kwa haraka. San Marco 3 ilirushwa tarehe 24 Aprili 1971, San Marco 4 tarehe 18 Februari 1974, zote mbili zikiendeleza kazi ya kuipima hewa ya juu, pamoja na vyombo vya NASA. Novemba 1971 iliondoka Explorer 45 kwenda kuchunguza mikanda ya mionzi yenyewe, ikibeba vyombo vya vyuo vikuu vya Iowa na Minnesota. Shule ya Van Allen, kwa hivyo, ilifika Ngomeni miaka 10 baada ya Injun. SAS-2 ilifuata Novemba 1972 kwa ajili ya miale ya gama. Tarehe 15 Oktoba 1974 ilikuwa zamu ya Uingereza: Ariel 5 ilibeba majaribio ya Leicester, Birmingham, Imperial College na University College London, na mwaka uliofuata ikagundua nyota iliyolipuka kwa eksirei na kwa muda mfupi ikang'aa kuliko chanzo kingine chochote cha aina hiyo. SAS-3, iliyobeba vyombo vya chuo cha MIT, iliondoka tarehe 7 Mei 1975.

Kisha kukawa kimya kwa karibu miaka 13. San Marco 5, kubwa kuliko ndugu zake zote, ilirushwa tarehe 25 Machi 1988 na kuungua Desemba mwaka huohuo. Hiyo ndiyo setilaiti ya mwisho kuondoka Kenya. Scout yenyewe ilistaafishwa mwaka 1994. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake.

Majukwaa yalinyamaza, lakini antena za nchi kavu hazikunyamaza. Italia iliporusha BeppoSAX mwaka 1996, setilaiti hiyo iliondokea Florida, ila ilizunguka karibu na ikweta na kushusha habari zake Ngomeni kila ilipopita. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miale ya gama, na saa chache baadaye ikakuta mabaki ya eksirei yanayofifia mahali palepale. Kwa takriban miaka 30 wataalamu walikuwa wakibishana iwapo milipuko hiyo inatokea karibu au mbali. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kuthibitisha kwamba inatoka katika galaksi za mbali mno. Habari hizo zilitua kwanza kwenye udongo wa pwani, kisha zikapelekwa Roma. Hata IXPE, chombo cha Marekani na Italia kilichorushwa Desemba 2021, kinazitegemea antena za Ngomeni, na miongoni mwa vitu kilivyovitazama ni Cygnus X-1 ileile.

Huku hayo yakiendelea, setilaiti za vyuo vikuu zilichukua njia nyingine duniani. Katika Chuo Kikuu cha Surrey, Martin Sweeting na wenzake walitengeneza UoSAT-1 kwa vipande vya elektroniki vya kawaida vinavyouzwa madukani, ikarushwa tarehe 6 Oktoba 1981. Walionyesha kwamba setilaiti haihitaji sehemu za bei ya dhahabu. La Sapienza nao, katika shule ileile aliyoilea Broglio, walianza mfululizo wa UNISAT, wa kwanza ukirushwa Septemba 2000 kutoka Baikonur. Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari wa Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford walipendekeza kipimo kimoja kwa wote: mche mraba wa sentimita 10 kila upande, uzito wa kilo 1 hivi. Wakaweka kanuni ili mche wa mwanafunzi yeyote uingie katika sanduku la kurushia la roketi yoyote. Miche ya kwanza ilipanda kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003. Nafikiri kanuni hiyo ilifanya zaidi ya uvumbuzi wowote wa mitambo. Kabla yake kila chuo kilipaswa kujadiliana na mwenye roketi kuanzia mwanzo. Baada yake, nafasi iliweza kuombwa kama nafasi ya mzigo.

Kenya iliingia kwa mlango huo. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, walianzisha mpango wa KiboCUBE wa kuzipa nchi zinazoendelea nafasi ya bure ya kurushia miche kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa. Kilishirikiana na La Sapienza, na hapo uzi wa San Marco ukafika hadi darasani Kenya. Setilaiti iliitwa 1KUNS-PF. Ilipelekwa kwenye kituo cha anga Aprili 2018, na tarehe 11 Mei 2018 ikaachiliwa kutoka chumba cha Kijapani cha Kibo pamoja na miche ya Costa Rica na Uturuki. Ilikuwa na kamera za kuipiga dunia picha. Baada ya miaka 2 hivi ilishuka na kuungua, kama zote zinavyofanya.

Kati ya San Marco 2 na 1KUNS kuna miaka 51. Wakenya walifanya kazi Ngomeni miaka hiyo yote, na wapo waliopata ufundi wa hali ya juu. Lakini kubuni chombo, kuchagua swali lake na kumiliki majibu yake, hayo yalibaki Ulaya na Marekani. Ikweta, bahari na anga vilikuwa vyetu tangu mwanzo. Tulichokosa ni maabara, mishahara ya walimu na mkataba unaolazimisha wanafunzi waingizwe. Malalamiko kuhusu mkataba wa Kenya na Italia yalisikika kwa miongo mingi. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya unaotaja waziwazi mafunzo, upatikanaji wa data, kuisaidia Kenya kujenga shirika lake la anga, na kituo cha kanda cha kuitazama dunia. Naona mafunzo yana uzito kuliko kodi ya pango ya kituo. Kodi huliwa mwaka huohuo, na mhandisi aliyefunzwa huwafunza wengine.

Dalili zipo. Machi 2021 mche mwingine, WildTrackCube-SIMBA, ulirushwa kutoka Baikonur. Uliundwa La Sapienza kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Machakos, kwa nia ya kufuatilia wanyamapori. Jirani zetu wa Uganda walituma wahandisi vijana Japani, katika taasisi ya teknolojia ya Kyushu, wakarudi na PearlAfricaSat-1, iliyopanda Novemba 2022. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1, ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, iliondoka Vandenberg, California.

Kwa watu wa Lamu, faida ya vyombo hivi si ya kubuni. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko katika visiwa vyetu na mikono yake ya bahari. Kuijua mikoko imekatwa wapi, imeota wapi, na mdomo wa Tana umesogea kiasi gani, ni kazi ambayo kamera iliyo juu huifanya vizuri kuliko mashua 100. Inahitaji mtu anayeifahamu mikoko kwa jina, anayejua tofauti ya mkoko na mkandaa akiwa juu ya matope, akae pia mbele ya kompyuta na picha. Mtu huyo ni rahisi kumpata Siyu au Faza kuliko Roma.

Tena ningependa nakala za vipimo vyote vilivyochukuliwa na setilaiti 9 za Ngomeni, kuanzia uzito wa hewa wa 1967 hadi orodha ya Uhuru, ziwekwe katika vyuo vikuu vya Kenya na katika kituo cha Ngomeni chenyewe, zipangwe ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweze kuzifungua na kuzipiga hesabu upya. Hewa ya juu ya ikweta bado inapimwa, maana setilaiti ni nyingi sasa kuliko wakati wowote na kila mwenye chombo anataka kujua lini chombo chake kitaanguka. Vipimo vya Broglio ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa kuchukuliwa papo hapo, na vilianzia Ghuba ya Ungwana.